Chandarua kipya, mbu anatua juu yake na kuruka mzima: dawa iko wapi?

#1 Mwana wa Kwahani
Assalaam aleikum wadau.

Shehiani kwetu tumechukua vyandarua vipya kwa kuponi. Changu nimekianika kivulini kama tulivyoagizwa, nikakifunga. Usiku nawasha tochi, naona mbu wametua juu yake wanatembea raha mustarehe. Alfajiri wako ukutani, wazima wa afya. Vile vya zamani, miaka ile ya 2006, mbu akigusa tu anaanguka. Asubuhi unafagia mbu, mende na kunguni sakafuni.

Dai langu: hivi vya sasa dawa haimo, au imo kwa jina tu. Na malaria ambayo hapa Mjini Unguja tulikuwa tumeshaisahau, mwisho wa 2023 kuingia 2024 ikapanda tena. Anayebisha aje na hoja.

#2 Ummu Salha
Waaleikum salaam. Mie sibishi hata kidogo. Kunguni wa kwangu wanalala juu ya neti.

#3 Karafuu77
Ummu Salha, kunguni hawaleti malaria, hao ni wageni wako mwenyewe 😂

Ila hapo kuna jambo. Watu wengi huipima neti kwa kunguni. Ikiwa haiui kunguni, wanaona haina kazi, wanaivua. Kunguni nao wamezoea dawa zile zile zinazotiwa kwenye vyandarua, kwa hiyo hawafi. Neti inatupwa kwa kosa la mdudu mwengine.

#4 MwanaMaabara
Mwana wa Kwahani, kabla ya kuhukumu tazama lebo iliyoshonwa ubavuni. Kuna jina moja la dawa au mawili?

Dawa za zamani ni za jamii ya pairethroidi. Zinapiga mishipa ya fahamu ya mbu, ndiyo maana alikuwa akianguka pale pale. Mbu wa nchi nyingi za Afrika wameshajenga usugu dhidi yake. Sasa kuna neti zilizoongezwa dawa ya pili, klofenapiri. Hii haigusi mishipa ya fahamu. Inaingia ndani ya chembechembe za mwili wa mbu na kuharibu mitambo yake ya kutengeneza nguvu. Ikitua juu yake bado haijawa sumu kamili. Ni vimeng'enya vya mbu mwenyewe ndivyo vinavyoigeuza ikawa sumu. Na vimeng'enya hivyo ndivyo mbu sugu alivyojaaliwa kwa wingi, maana anavitumia kuvunja pairethroidi. Silaha yake inamgeukia.

Lakini inachukua muda. Siku nzima, mbili, pengine tatu. Kwa hiyo mbu uliyemuona alfajiri ukutani huwezi kusema amepona.

Jaribio kubwa la neti hizi lilifanyika Misungwi, Mwanza, matokeo yakachapishwa 2022. Baada ya miaka 2, watoto waliokutwa na malaria upande wa neti za kawaida walikuwa 45.8%, upande wa klofenapiri 25.6%. Shirika la Afya Duniani likazipitisha Machi 2023.

#5 Mwana wa Kwahani
Kwa hiyo mbu aning'ate mie leo, akafie kwa jirani kesho kutwa? Ahsante kwa ufafanuzi, lakini hapo aliyepona ni jirani.

#6 MwanaMaabara
Ndiyo hasa, na si mzaha. Vimelea vikiingia kwa mbu vinahitaji kama siku 10 au zaidi kukomaa ndani yake kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwengine. Mbu akifa siku ya tatu, hajafika huko. Neti inakukinga wewe kwa kitambaa, na mtaa kwa dawa.

#7 Nahodha wa Mkokotoni
Mnazungumza neti, neti, neti. Malaria inashuka na boti pale bandari ya Malindi, hapa Mjini, kila siku ya Mungu, imekata tiketi na mzigo mkononi. Na wengine wanashuka kwa majahazi na ngalawa kwenye bandari bubu ambazo hazimo kwenye ramani. Mtu ametoka shamba Bara, amekaa wiki mbili kwa shemeji yake, anarudi na vimelea. Mbu wa hapa anamng'ata, kazi imekwisha. Hata ukitandaza neti kisiwa kizima, bandari iko wazi.

#8 Dada wa Jambiani
Nahodha umesema kweli nusu. Nusu ya pili ni nyie wanaume. Barza mpaka saa sita usiku, mpira unaoneshwa, kahawa, bao, karata. Harusi zetu nazo zinakesha. Huku ukanda wa hoteli kuna vijana walinzi wa usiku, wapishi wanaotoka kazini saa saba. Neti iko kitandani inamngoja nani?

Na mbu wameshajua. Huku kwetu anayeng'ata zaidi ni wa jioni na wa nje.

#9 Karafuu77
Dada wa Jambiani ameitoa mdomoni kwangu. MwanaMaabara, hilo jaribio lako la Misungwi nalijua, lakini mbu wa Misungwi wengi ni funestasi, mbu wa ndani ya nyumba, anapenda damu ya binaadamu. Mbu wetu wa malaria visiwani zaidi ni arabiensisi. Huyo anang'ata nje, anang'ata ng'ombe, akikosa hiki anachukua kile. Asilimia za Mwanza huwezi kuzipakia kwenye boti ukazishusha Wete zikafanya kazi vile vile.

Nikuongezee la Pemba. Usugu wa pairethroidi kwa mbu wa kwetu ulithibitishwa na kuchapishwa 2013. Dawa ya kupiga ukutani ikabadilishwa, na hiyo iliyofuata nayo ikabadilishwa. Neti zilibaki na pairethroidi. Kwa hiyo Mwana wa Kwahani inawezekana dawa imo kamili, ila mbu ndiye hajali.

#10 Mwana wa Kwahani
Wapemba bwana, hata mbu wenu wabishi 😂

#11 Karafuu77
Wabishi ndiyo wanaobaki hai.

#12 Sheha Mstaafu
Wanangu salaam. Naona mnajadili kama haya yameanza jana.

Mwisho wa miaka ya 1950 hadi 1968 Shirika la Afya Duniani lilikuwa hapa na mradi wa kutokomeza malaria. Wapiga dawa walikuwa wakiingia nyumba hadi nyumba na mabomba ya DDT. Nilikuwa mtoto, tunatolewa vyombo nje, tunafurahi kama siku ya kuhama. Malaria ilishuka mno. 1968 mradi ukasimama, na miaka michache baadaye homa ikarudi pale pale ilipokuwa. Miaka ya 1980 wakajaribu tena DDT, mara hiyo haikufua dafu.

Halafu ndiyo ikaja hii ya juzi: dawa mseto 2003, neti, kupiga dawa majumbani kuanzia 2006. Utafiti uliochapishwa 2019 ulikadiria mzigo wa malaria Zanzibar ulipungua kwa 94% baina ya 2003 na 2015. Mara zote mbili tuliambiwa imekwisha. Mie naona tatizo ni kulegeza kamba. Dawa haina kosa, boti haina kosa.

#13 Dada wa Jambiani
Chei chei mzee. Hapo kwenye kulegeza kamba sikatai, lakini mara ya pili kamba haikuachwa, neti zinagawiwa mpaka leo. Mbona imepanda?

#14 Sheha Mstaafu
Marahaba mwanangu. Kugawiwa na kufungwa kitandani ni mambo mawili. Nilipokuwa sheha nimeona neti mpya imezungushiwa kitalu cha mchicha.

#15 Nahodha wa Mkokotoni
Na kuanikia dagaa. Dagaa hawapati malaria mpaka leo, mpango umefanikiwa.

#16 Fundi Nyavu
Naingia hapa kwa sababu nyavu ndiyo kazi yangu, za samaki na kamba za nailoni.

Neti za dawa zimegawika makundi mawili kwa uzi. Kuna uzi wa poliethilini, ule mgumu kidogo, mkavu mkononi. Dawa imekorogwa ndani ya plastiki yenyewe kabla haijavutwa kuwa uzi, kisha inatoka polepole kuja juu. Ukiifua, dawa ya juu inaondoka, inabidi ungoje ya ndani ipande. Joto linasaidia kupanda, ubaridi unachelewesha. Kuna wa poliesta, laini kama kitambaa. Huo dawa imepakwa juu kwa gundi maalumu. Kila mmoja una ugonjwa wake.

Kipimo cha kiwandani ni kuwa ibakie na nguvu baada ya kufuliwa mara 20 na kutumika miaka 3. Hiyo ni maabara. Taasisi ya Afya ya Ifakara walizifuatilia neti za aina tatu majumbani Tanzania, wakachapisha 2020: nusu ya neti zilikuwa zimeshakwisha kazi baina ya miaka 2 na 2.6 kutegemea aina. Zimechanika, zimetupwa, zina matundu ya kupita kuku. Dawa inaweza kuwa bado imo lakini uzi umekufa.

Huku kwetu ongezeni chumvi ya bahari, kitanda cha kamba chenye misumari, watoto, na akina mama wanaofua kwa sabuni ya unga kisha kuanika juu ya paa la bati saa sita mchana. Jua linaimaliza dawa. Nimeziona nyingi.

#17 Ummu Salha
Akina mama tumefanya nini tena? Asiyefua mnamwita mchafu, anayefua mnamwambia ameua dawa.

#18 Fundi Nyavu
Fua bibie, lakini kwa sabuni ya mche, maji ya baridi, na uanike kivulini. Na si kila Ijumaa.

#19 MwanaMaabara
Narudi kwa Nahodha, #7. Hoja ya boti ina ushahidi, lakini si wote.

Utafiti wa vinasaba wa 2020 ulikuta vimelea vya Zanzibar na vya pwani ya Bara ni ndugu wa karibu, yaani kuna kuingiliana kukubwa. Hapo wewe umeshinda. Mwengine ukaja 2024, nao ukaangalia ndani ya Zanzibar yenyewe. Ukaona vimelea vya watu wanaoishi karibu vinafanana sana, na masafa yakiongezeka kidogo tu kufanana kunapungua haraka. Kama kila ugonjwa ungekuwa umeshuka jana bandarini, tusingeona hivyo. Maana yake kuna maambukizi ya hapa hapa, jirani kwa jirani, yanaendelea chini kwa chini. Na wengi wenye vimelea hivyo hawana homa, hawaendi spitali, hawahesabiwi.

#20 Nahodha wa Mkokotoni
Ndugu wa karibu hao walitoka wapi? Si walishuka na boti? Wameoa, wamezaa, sasa mnasema wenyeji.

#21 Mtoto wa Makunduchi
Nahodha kwa hesabu hiyo hata wewe umeshuka na boti 😂 sote tuna babu wa upande wa pili.

Nina swali kwa Mwana wa Kwahani. Una hakika hao mbu wako ni wa malaria? Mjini mbu wengi wanaopiga kelele sikioni ni kiuleksi, wanaozaliana kwenye makaro na vyoo vya shimo. Hao ni sugu kweli kweli, na hawabebi malaria. Wanabeba matende. Mbu wa malaria akitua anainua mkia juu, mwili umeinama kama msumari uliopigwa pogo. Kiuleksi analala sambamba na ukuta. Washa tochi tena.

#22 Mwana wa Kwahani
Niamke usiku nikampime mbu mkia? Mke wangu atanirejesha kwetu.

#23 Mtoto wa Makunduchi
Nimeyasema hayo kwa sababu huku kwetu tuna historia yake. Mwisho wa miaka ya 1980 walikuja watafiti wakatia chembe nyeupe za polistirini ndani ya vyoo vya shimo, zile nyepesi kama za kufungia friji. Zinaelea juu ya maji machafu, zinatandaza tabaka. Funza wa mbu anahitaji kuja juu kuvuta pumzi, hapati nafasi. Mbu jike naye hapati maji ya kutagia. Zinakaa miaka, hazioziki, haziliwi. Pamoja na hayo watu wakapewa dawa ya matende. Kabla yake karibu nusu ya watu walikuwa na vijidudu vya matende kwenye damu. Idadi ikaporomoka, na mbu wa usiku nao wakapungua vibaya sana. Wazee wa hapa mpaka leo wanasema ndiyo miaka waliyolala.

Plastiki tu hiyo, bila sumu yoyote. Ndiyo maana nacheka nikisikia kila mara dawa mpya, dawa mpya. Mbu hawezi kujenga usugu wa kukosa pumzi.

#24 Karafuu77
Makunduchi mnapigana kwa migomba kila Mwaka Kogwa, kumbe mlikuwa mnajifua kwa mbu.

#25 Mtoto wa Makunduchi
Tunasameheana baada ya hapo. Nyie mnasameheana lini?

#26 Jicho la Tatu
Nyote mnakwepa jambo moja. Bagamoyo kuna maabara wanatengeneza mbu waliobadilishwa vinasaba. Mnajuaje hawajaruka kuvuka mkondo? Malaria kupanda ghafla hivi, mie siamini ni kuchanika kwa neti.

#27 MwanaMaabara
Ni kweli Ifakara wana kazi hiyo Bagamoyo. Mbu wale wamewekewa vinasaba vya kuzuia vimelea visikue vizuri ndani ya mbu. Wangekuwa wametoroka, malaria ingepungua, si kupanda. Na bado wako ndani, milango juu ya milango. Tena mbu haruki kutoka Bagamoyo mpaka Unguja kwa mbawa zake.

#28 Sheha Mstaafu
Wewe Jicho la Tatu labda umezaliwa baadaye. Wadudu wa kutengenezwa tumeshawahi kuwapokea hapa, tena kwa ndege. 1994 mpaka 1997, mbung'o madume waliofugwa Tanga, wakapigwa mionzi ya gama wasizae, wakarushwa juu ya Unguja kwa mamilioni. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, akipata dume tasa basi uzazi umekwisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Wafugaji waliokuwa hawawezi kuweka ng'ombe jirani na msitu wa Jozani wakaweza. Wakati huo pia kulikuwa na maneno, kwamba madume hao watatugeukia sisi.

#29 Karafuu77
Pemba mbung'o hatukuwa nao. Mungu alishajua kuwa hatutaki kelele za ndege.

Ila mzee, mbung'o wa Unguja alikuwa wa aina moja, kisiwa kimoja, anazaa mtoto mmoja mmoja. Mbu anataga mamia. Hesabu si moja.

#30 Ummu Salha
Swali la kweli sasa, acheni ubishi. Nyumbani nina neti mbili, lebo zina majina tofauti. Moja ina hiyo klofenapiri. Nyengine imeandikwa pairethroidi na PBO. Naweza kuzifunga chumba kimoja, vitanda viwili?

#31 MwanaMaabara
Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

PBO si sumu ya mbu kwa yenyewe. Inaziba vile vimeng'enya vya mbu ili ashindwe kuvunja pairethroidi. Sasa kumbuka #4: klofenapiri inavihitaji vimeng'enya hivyo hivyo ili igeuke sumu. Mbu akipita kwanza kwenye neti ya PBO, halafu akatua kwenye ya klofenapiri, ile ya pili inaweza kukosa makali. Majaribio yameonesha kukwazana huko. Vyumba tofauti, afadhali. Lakini kama huna budi, zifunge zote. Kitambaa kizima ni kinga hata dawa zikigombana.

#32 Fundi Nyavu
Na hiyo PBO huwa ya kwanza kuondoka kwenye uzi. Misungwi huko huko neti za PBO zilianza vizuri, mwaka wa pili makali yakapotea.

#33 Dada wa Jambiani
Je, chanjo ya malaria? Nasikia ipo. Kwa nini watoto wetu hawapigwi?

#34 MwanaMaabara
Zipo mbili zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ya 2021 na ya 2023. Hiyo ya pili, R21, ilijaribiwa Bagamoyo pia. Zimekusudiwa zaidi watoto wa sehemu zenye malaria ya wastani au kubwa. Zanzibar malaria ni ndogo na wengi wanaougua ni watu wazima wanaosafiri na kukesha nje. Chanjo ya mtoto wa miezi haimgusi mlinzi wa hoteli yako.

#35 Nahodha wa Mkokotoni
Wanaosafiri. Umeandika mwenyewe.

#36 Dada wa Jambiani
Na kukesha nje. Ameandika pia, soma mpaka mwisho wa mstari.

#37 Mwana wa Kwahani
Nimesoma lebo. Ina jina moja. Pairethroidi peke yake. Hizi za majina mawili mmezipata wapi?

#38 Karafuu77
Basi hoja ya kufa siku ya tatu haikuhusu wewe. Kwako ni usugu, au ni kiuleksi wa karo. Na zile mvua za El Niño za mwisho wa 2023 hakuna aliyezitaja humu, maji yalisimama wiki kwa wiki Mjini kote.

#39 Jicho la Tatu
Au vyote pamoja, na bado mnanicheka mimi.

#40 Fundi Nyavu
Mtoto wa Makunduchi, hizo chembe nyeupe zimenikaa kichwani. Maboksi ya samaki ya polistirini yako mengi hapa, nikiyasaga itafaa?

#41 Mtoto wa Makunduchi
Zilizotumika zilikuwa za mviringo, ndogo, zimefurishwa kwa maji ya moto au mvuke. Ukisaga boksi unapata vipande vya kila umbo, vitaacha nafasi. Na zinafaa kwenye shimo lililofunikwa lenye maji yaliyotuama tu. Mtaro wa wazi usitie, mvua ya kwanza zote ziko baharini kwa kasa.

#42 Fundi Nyavu
Shimo letu lina maji muda wote, lakini masika yanapanda mpaka mdomoni na lina ufa upande wa kisima cha jirani. Hizo chembe si zitatokea kwenye ndoo yake?